Ankara ya wakili baada ya talaka: kabla hujakubali kukatwa, angalia tarehe

Swali

Salaam wakili. Ninaishi Leicester. Talaka yangu imekamilika baada ya kuvutana kwa muda mrefu juu ya nyumba na pensheni. Mwanzoni ofisi ya mawakili iliniandikia kwamba gharama zangu zingekuwa kati ya pauni 8,000 na 10,000. Njiani nililipa ankara nne, jumla pauni 13,000, na kila mara niliambiwa tunakaribia kumaliza. Wiki mbili zilizopita nimeletewa ankara ya mwisho ya pauni 12,400. Fungu langu la mauzo ya nyumba liko kwao, na wameniarifu kwamba watakata humo. Katikati ya kesi walinibadilishia wakili mara mbili. Kabla ya kikao cha mwisho aliyekuwa mume wangu alitoa pendekezo ambalo ningeweza kulikubali, ila niliamini gharama iliyobaki ni ndogo. Je, lazima nilipe yote? Nikilalamika, hawatashikilia pesa na faili langu? Na kwa kuwa yeye ndiye aliyechelewesha nyaraka, haiwezekani alipe yeye?

Jibu

Dada yangu, pole sana. Umetoka kwenye talaka, na sasa unaona kile kidogo ulichopata kinarudi kwa waliokusaidia kukipata. Swali lako la kwanza nalijibu moja kwa moja: hapana, hulazimiki kulipa yote kwa sababu tu yameandikwa kwenye karatasi ya ofisi ya mawakili. Lakini kabla ya kuzungumzia kiasi tuzungumzie kalenda, maana jambo lililo hatarini zaidi wiki hii ni muda.

Kwa Uingereza na Wales, Sheria ya Mawakili ya mwaka 1974, kifungu cha 70, inampa mteja haki ya kuitaka mahakama ikague ankara ya wakili wake. Ukiomba ndani ya mwezi mmoja tangu ulipoletewa ankara, mahakama haiwezi kukukatalia wala kukuwekea masharti ya kulipa kwanza. Mwezi huo ukipita, bado unaweza kuomba hadi miezi 12, lakini sasa ni hiari ya jaji na anaweza kukuwekea masharti. Baada ya miezi 12, au ukishalipa, unatakiwa kuonyesha mazingira ya pekee. Na ikipita miezi 12 tangu ulipe, mlango wa kifungu hicho umefungwa kabisa. Wewe una wiki mbili mkononi. Andika tarehe hiyo mahali utakapoiona kila siku.

Mwezi huohuo unakulinda kwa upande mwingine pia. Chini ya kifungu cha 69, wakili kwa kawaida haruhusiwi kukufungulia madai ya ankara yake kabla mwezi mmoja haujapita tangu alipokuletea. Kwa hiyo akikuandikia leo kwamba usipolipa kufikia Ijumaa atakupeleka mahakamani, ujue hiyo Ijumaa haina nguvu ya kisheria.

Sasa pesa iliyoko kwao. Hili lifanye leo, kabla hujamaliza hata kufikiria mengine. Waandikie barua pepe fupi useme kwamba unaipinga ankara, kwamba hukubali kiasi hicho, na kwamba hutoi idhini kikatwe kwenye fedha za nyumba. Waombe kiasi kinachobishaniwa kibaki kwenye akaunti ya wateja mpaka mgogoro uishe, na salio lote lililozidi kiasi hicho wakutumie sasa. Wengi hawaliombi salio hilo, wanadhani ofisi ikishashikilia imeshikilia zote. Kama wana pauni 60,000 zako na ugomvi ni wa 12,400, hawana sababu ya kukaa na 60,000.

Kwa nini nasisitiza maneno "sikubali kiasi hicho"? Mwaka 2024 Mahakama ya Juu ya Uingereza, katika kesi ya Menzies dhidi ya Oakwood Solicitors, iliamua kwamba wakili kujikatia ada kwenye fedha za mteja alizozishikilia hakuhesabiki kuwa "malipo" kwa maana ya kifungu cha 70 ikiwa mteja hakuwa amekubali kiasi chenyewe. Kukubali kwa ujumla mwanzoni kwamba ada zitakatwa hakutoshi. Ndiyo kusema, wakikata huku wewe umepinga kwa maandishi, saa ya malipo haijaanza kukuhesabia. Lakini ukiwajibu kwa upole, kama tulivyolelewa, "sawa, nimeelewa, kateni," umeshawapa walichokihitaji. Vivyo hivyo mwaka 2009, katika kesi ya Truex dhidi ya Toll iliyotokana na ada za wakili wa mambo ya ndoa, Mahakama Kuu ilisema ankara ya wakili ambayo haijakaguliwa wala kukubaliwa haiwezi kuwa msingi wa kumfilisi mteja, kwa sababu bado si deni la kiasi kilichothibitika. Heshima iendelee katika barua zako, ila usiandike popote kwamba unakubali unadaiwa 12,400.

Tuje kwenye makadirio, na hapa ndipo penye kesi yako. Watu wengi wanaolalamikia ada hubishana na jumla: ni kubwa mno, haikubaliki, mbona jirani yangu alilipa kidogo. Hoja hiyo ni dhaifu. Talaka mbili hazifanani, na wakili atakuonyesha saa alizofanya kazi. Hoja yenye nguvu ni hii: uliambiwa nini, lini, na ungefanya nini kama ungeambiwa ukweli mapema?

Kanuni za maadili za Solicitors Regulation Authority, yaani SRA, mamlaka inayosimamia mawakili wa aina ya wako, zinamtaka wakili ampe mteja taarifa bora iwezekanavyo kuhusu bei ya kazi na jumla inayotarajiwa, mwanzoni na pia kadiri kesi inavyosonga. Hayo maneno "kadiri kesi inavyosonga" ndiyo yanayokuhusu. Kukadiria 10,000 halafu ikafika zaidi si kosa peke yake, kwa sababu mwanzoni hakuna anayejua upande wa pili utakuwa mkaidi kiasi gani. Kosa ni kuiona namba inapitwa, kuendelea na kazi, na kumwambia mteja "tunakaribia kumaliza" bila kumpa namba mpya.

Kwa hiyo toa ile barua ya masharti uliyotia saini siku ya kwanza, uisome polepole. Tafuta mambo matatu. Je, makadirio yalijumuisha VAT? Ni asilimia 20, na 10,000 bila VAT ni 12,000 unapolipa. Je, yalijumuisha ada ya wakili wa kusimama mahakamani, anayelipwa kando? Na je, yalikuwa ya kesi nzima au ya hatua ya kwanza tu? Nakuuliza haya kwa sababu upande wa pili utakuuliza, na ni afadhali uyajue kabla yao. Jumla yako ni 25,400. Tuseme makadirio hayakuwa na VAT, na ndani ya jumla hiyo kuna 4,200 za wakili wa mahakamani ambazo masharti yalizitenga. Basi unalinganisha 21,200 na 12,000, na pengo lako la kweli ni 9,200. Bado ni kubwa, na barua inayotaja 9,200 ikiwa na hesabu yake chini itachukuliwa kwa uzito kuliko inayosema wamekuzidishia zaidi ya maradufu.

Kisha kuna karatasi ambayo wateja wachache wanajua kuwa ipo, nayo huenda ikawa silaha yako kubwa. Katika kesi za mgawanyo wa mali baada ya talaka, kila upande hutakiwa kuwasilisha Fomu H mahakamani kabla ya kila kikao. Fomu hiyo inataja gharama zilizokwisha kutumika, na kwa vikao vya awali inataja pia makadirio ya zile zitakazotumika hadi hatua inayofuata. Kabla ya kile kikao cha kusuluhishwa mbele ya jaji, mawakili wanachokiita FDR, Fomu H inapaswa kuonyesha pia gharama zinazotarajiwa mpaka kikao cha mwisho endapo hamtapatana. Omba nakala za Fomu H zako zote. Ziweke kwa mpangilio wa tarehe, na kando ya kila moja weka barua pepe ulizoandikiwa kipindi hicho. Kama fomu iliyokwenda kwa jaji ilisema zimebaki pauni 12,000 za kutumia, na wewe wiki hiyohiyo uliandikiwa "tunakaribia kumaliza", huhitaji kubishana sana. Jaji aliambiwa, wewe hukuambiwa.

Kinyume chake, kama nakala ya fomu hiyo ulitumiwa, ikiwa na namba hizo, na barua iliyokueleza maana yake, basi hoja yako inapungua nguvu. Litafute hilo kwenye barua pepe zako kabla ya kuandika lolote.

Mahakama inapokagua ankara iliyopita makadirio, haimfungi wakili kwenye namba yake ya kwanza moja kwa moja. Huuliza kama mteja aliyategemea makadirio yale na ingekuwaje angejua mapema, kisha hutazama ni kiasi gani ni haki alipe. Ndiyo maana lile pendekezo la mumeo wa zamani ni la thamani kubwa. Eleza kwa namba: pendekezo lilikuwa kiasi gani, ulichopata mwishoni ni kiasi gani, na tofauti yake ikilinganishwa na gharama zilizoongezeka baada ya kulikataa. Kama kikao cha mwisho kilikuongezea pauni 6,000 na kikakugharimu 11,000, mtu yeyote ataelewa kwamba ungejua usingeendelea. Mengine ambayo ungeyafanya yaandike pia, mradi ni ya kweli: ungejaza mwenyewe Fomu E, ile ya kutaja mali na kipato chako, ungekusanya taarifa za benki mwenyewe, ungepunguza simu.

Omba pia orodha kamili ya muda waliotumia kwenye faili lako, kila kipengele na tarehe yake, nani alifanya, dakika ngapi na kwa kiwango gani. Mawakili wengi hapa huhesabu muda kwa vipande vya dakika sita, kumi kwa saa. Kwa kiwango cha pauni 260 kwa saa, kipande kimoja ni pauni 26, na VAT inakifikisha 31.20. Barua pepe yako ya "asante, nimepokea" ikisomwa na kujibiwa inaweza kuwa vipande viwili. Nakwambia haya si kukulaumu. Utakapoiona orodha utakuta sehemu kubwa ya pesa imeenda kwenye vitu vidogo kama hivyo, na vingi vitakuwa halali. Usipoteze nguvu kupinga kila kipande.

Tafuta penye uzito. Ulisema wakili alibadilishwa mara mbili. Kila aliyeingia alilazimika kusoma faili upya, na saa hizo lazima ziko mahali. Mabadiliko yalikuwa ya ofisi, hukuyataka wewe, kwa hiyo gharama ya kujifunza kesi ni yao. Hapo mimi ningesimama imara kuliko popote pengine kwenye orodha. Angalia pia kama mawakili wawili walikaa kikao kimoja na wote wakakutoza, kama kazi za ukarani za kupanga kurasa na kutoa nakala zimetozwa kwa kiwango cha wakili mwandamizi, na kama kiwango cha saa kilipanda njiani bila wewe kuarifiwa. Mahakama zina viwango vya mwongozo vilivyogawanywa katika madaraja A hadi D kwa uzoefu, kuanzia mwenye zaidi ya miaka 8 hadi wanaofunzwa kazi. Vimetungwa kwa ajili ya gharama ambazo upande mmoja unaulipa mwingine na havimfungi wakili na mteja wake, ila vinakusaidia kuona kama yule uliyemlipia kwa kiwango cha mwandamizi kweli alikuwa mwandamizi.

Tahadhari moja. Kama ankara yako ni ya jumla, yenye maelezo mafupi na namba moja chini, kifungu cha 64 cha sheria ileile kinakupa haki ndani ya miezi mitatu kudai ankara yenye vipengele vyote. Usichanganye dai hilo na kuomba tu orodha ya muda. Ukitumia kifungu cha 64, ankara ya jumla inakufa, na ile mpya ya vipengele inaweza kuja kubwa kuliko ya kwanza. Omba orodha ya muda. Kifungu cha 64 kiache mpaka uwe na mshauri pembeni.

Zile ankara nne ulizokwisha kulipa nazo zina hadithi yake. Masharti ya ofisi yatasema kama kila moja ilikuwa ankara kamili inayosimama peke yake kwa kipindi chake, au ilikuwa tu maombi ya malipo ya awali yanayosubiri hesabu ya mwisho. Kama ni kamili, muda wa kuipinga kila moja mahakamani ulianza siku ulipoipokea, na kwa za mwanzo huenda umeshakwisha. Kama ni za awali, zinaunganishwa na hii ya mwisho na saa ni moja. Hata pale ofisi inaposema zilikuwa kamili, lazima masharti yawe yamekueleza hivyo waziwazi, tena na ankara zenyewe ziwe zimeandikwa ipasavyo. Mizozo mingi ya ada huamuliwa hapa.

Sasa njia ya kupita. Zipo mbili za maana, na maoni yangu kuhusu ipi inakufaa yatakuwa wazi.

Njia ya kwanza ni ile ya mahakama chini ya kifungu cha 70. Jaji wa gharama anapitia ankara na kukata kile kisicho cha haki. Ni njia ya kina, lakini ina kanuni moja ambayo lazima uibebe kichwani: ankara ikipunguzwa kwa moja ya tano au zaidi, wakili ndiye analipa gharama za ukaguzi. Ikipunguzwa chini ya hapo, kwa kawaida unalipa wewe. Moja ya tano ya 12,400 ni 2,480. Jaji akikata 2,000, umeshinda 2,000 na pengine umejitwika gharama za ukaguzi zinazozizidi. Mahakama inaweza kubadili hilo kwa sababu maalumu, ila usipange safari yako juu ya sababu maalumu.

Njia ya pili ni Legal Ombudsman, taasisi ya kushughulikia malalamiko dhidi ya mawakili iliyoanza kazi mwaka 2010. Kwa mteja ni bure, ushinde au ushindwe. Lazima kwanza ulalamike kwa ofisi yenyewe kwa maandishi na uwape wiki 8. Wasipojibu, au jibu likiwa halikuridhishi, unakwenda ndani ya miezi sita tangu jibu lao la mwisho. Na tangu Aprili 2023 kuna kikomo kingine: mwaka mmoja tangu kosa litokee au tangu ulipopaswa kulijua. Wanaweza kuiamuru ofisi ipunguze ada, irudishe pesa, ilipe fidia ya hadi pauni 50,000, au iombe radhi. Hawapitii kila kipande cha dakika sita kama jaji wa gharama. Wanachotazama ni huduma, na kutomwambia mteja kwamba gharama zinapanda ni aina ya malalamiko wanayoyajua vizuri. Uamuzi wao ukiukubali unawafunga nyote wawili. Ukiukataa, haufungi mtu.

Kwa maelezo uliyonipa, mimi ningekwenda kwa Ombudsman. Kiini cha lalamiko lako ni taarifa ulizonyimwa, kiasi hakihalalishi kuhatarisha pesa nyingine mahakamani, na njia hiyo haikugharimu. Ila fahamu mgongano uliopo: kulalamika ofisini hakusimamishi ule mwezi mmoja wa kifungu cha 70. Wiki 8 za kusubiri jibu lao zitaumeza mwezi wote. Kwa sababu hiyo, ndani ya wiki hizi mbili mwone mwanasheria wa gharama, yaani mtaalamu wa ankara za mawakili, hata kwa saa moja tu, umwonyeshe ankara, masharti na Fomu H. Muulize swali moja: je, kuna uwezekano mzuri wa kupunguzwa zaidi ya moja ya tano? Akisema ndiyo bila kusita, fungua ombi kabla ya tarehe yako na uwaambie ofisi uko tayari kulisimamisha wakati mnajadiliana. Akisita, acha mwezi upite ukijua ulichokiacha, ushike njia ya Ombudsman. Miezi 12 ya hiari ya jaji bado ipo nyuma yako.

SRA yenyewe usiiendee kwa ajili ya kupunguziwa. Kazi yao ni nidhamu, kwa mfano wakili akitumia fedha za mteja isivyo halali. Bili hawakati.

Barua yako ya malalamiko iwe ya ukurasa mmoja na nusu. Anza na makadirio na tarehe yake. Fuata na kila mara ulipouliza gharama na ulivyojibiwa, kwa maneno yao wenyewe. Weka hesabu ya pengo. Sema ungefanya nini ungejua. Taja saa za kusoma faili upya. Mwisho taja unachotaka, kwa namba: kwa mfano, kwamba uko tayari kulipa 4,000 kumaliza kabisa, bila kukiri kwamba zilizobaki unadaiwa. Ofisi nyingi hupendelea kupatana kuliko kwenda kwa Ombudsman, kwa sababu huko zinaweza kutozwa ada ya shauri, na kwa sababu muda wa mwenye ofisi wa kujibu malalamiko hakuna wa kumlipa. Namba unayoitoa iwe ile unayoweza kuitetea kwa hesabu. Ukiandika sifuri wakati kazi ya kweli ilifanyika, unamfanya msomaji wa tatu aanze kukutilia shaka.

Ikitokea wamefungua madai katika Mahakama ya Kaunti, usiache karatasi ikae mezani. Kwa kawaida una siku 14 za kujibu, au 28 ukithibitisha kwanza kwamba umeipokea. Usipojibu watapata hukumu bila wewe kusikilizwa, na hukumu isiyolipwa ndani ya mwezi hukaa kwenye rekodi yako ya mikopo miaka sita. Na hata kama muda wa kifungu cha 70 umepita, ukishtakiwa bado unaweza kupinga ukubwa wa kiasi, kwa sababu anayedai ndiye anayepaswa kuonyesha kwamba anachodai ni haki.

Kuhusu aliyekuwa mume wako kulipa, jibu langu halitakufurahisha. Katika kesi za mgawanyo wa mali baada ya talaka kanuni ya kawaida ni kwamba kila mtu anabeba gharama zake. Jaji anaweza kumtoza aliyeiendesha kesi vibaya, na kuficha au kuchelewesha nyaraka kunaweza kuwa sababu, lakini hilo huombwa wakati kesi iko mbele yake. Soma amri yako ya mwisho. Kama inasema hakuna amri ya gharama, kwake umemaliza. Swali linalobaki ni kwa wakili wako: kama mumeo wa zamani alikuwa akichelewesha kiasi hicho, kwa nini gharama dhidi yake hazikuombwa? Kama hukuwahi kushauriwa juu ya hilo, liongeze kwenye malalamiko.

Na hofu yako ya faili. Ni kweli wakili ambaye hajalipwa ana haki ya kushikilia faili, na huenda wakaitumia. Lakini amri za mahakama unaweza kuomba nakala zake mahakamani mwenyewe, na barua pepe zote unazo. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni pensheni. Amri ya kugawa pensheni haijitekelezi yenyewe. Lazima amri, kiambatisho chake na hati ya mwisho ya talaka vifike kwa wasimamizi wa mfuko, ambao wana miezi minne kuitekeleza tangu wapokee kila kinachohitajika. Mawakili wanapogombana na mteja, kazi hii ndiyo husahaulika. Piga simu kwa mfuko huo kesho uulize kama wamepokea. Kama hawajapokea, peleka nakala mwenyewe, na usisubiri ugomvi wa ankara uishe.